PS4 inapepesa bluu kisha inazima: toa diski kabla hujaruhusu bodi ichomwe

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina banda la gemu hapa Morogoro, PS4 Slim mbili. Juzi umeme ulikatika vijana wakiwa katikati ya mechi, ukarudi, ukakatika tena papo hapo. Tangu siku hiyo mashine moja imegoma. Nikibonyeza inalia "bip", taa inapepesa bluu, halafu inazima yenyewe. Mara nyingine inawaka, lakini badala ya kufungua inaniambia niunganishe padi kwa waya, kisha inaleta orodha ya namba. Nikichagua namba 1 inazima na kuwaka, inarudi palepale. Fundi wa jirani amesema bodi imekufa, inatakiwa ichomwe kwa moto wa bloa, na hata hivyo hanihakikishii. Humo ndani kuna sevu (gemu walizofikia na kuzihifadhi) za wateja wangu wa siku nyingi. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana kaka. Nianze na hilo la fundi, kwa sababu naona ndiko pesa yako inakoelekea. Bodi iliyokufa haileti orodha ya namba. Ili orodha ile ionekane kwenye TV, lazima prosesa iwe imeamka, memori inajibu, chipu ya HDMI inatoa picha, pawa saplai inabeba mzigo na padi inasomeka kwenye USB. Kitu kikubwa ambacho orodha hiyo haikihitaji ni diski ya kuhifadhia iliyomo ndani (hard disk), siyo CD ya gemu. Hata ukiweka diski tupu iliyotoka dukani leo, orodha inakuja vilevile. Mashine yako inafika kwenye orodha, inashindwa kuvuka kwenda kwenye mfumo wenyewe, na mfumo unakaa kwenye diski. Tena haya yote yameanza baada ya umeme kukatika mara mbili mfululizo, diski ikiwa inazunguka na kuandika. Shaka yangu ya kwanza naiweka hapo.

Kinachonizuia kukuambia moja kwa moja ukanunue diski ni zile mara inazozima kwenye bluu bila kufika popote. Hilo linaweza kuletwa na diski mbovu, na linaweza pia kuletwa na pawa saplai iliyoumia umeme uliporudi kwa kishindo. Bahati nzuri, kuwatenganisha hao wawili hakuhitaji maabara. Bisibisi ndogo ya nyota inatosha.

Kwanza iangalie taa vizuri. Kwenye Slim taa ni nukta ndogo tu karibu na swichi ya kuwashia, na mchana bandani mlango ukiwa wazi huioni. Ifunike kwa kiganja uchungulie. Bluu inayopepesa maana yake inajiamsha. Nyeupe imewaka. Rangi ya chungwa imelala. Nyekundu ni joto, na hiyo ni habari nyingine kabisa ya vumbi na feni. Wewe unachotaka kujua ni inazima baada ya muda gani. Ikilia "bip" na kukata hapohapo, feni haijapata hata kuzunguka vizuri, mara nyingi umeme wa ndani ndio unaogoma: pawa saplai, au kitu fulani kimegusana. Ikipepesa muda mrefu kidogo, feni inasikika, ndipo ikazima, umeme upo. Kuna kitu inakitafuta haikipati. Rudia mara kadhaa uandike, kwa sababu kesho fundi atakuuliza na "inazima tu" si jibu.

Kabla ya bisibisi, vua kila kitu: waya wa HDMI, padi, chaja za padi, vyote. Bakiza waya wa umeme peke yake, na uuchomeke kwenye soketi ya ukutani, siyo kwenye ekstensheni inayolisha TV mbili, feni na chaja za simu za wateja. Waya wenyewe ni ule wa matundu mawili kama wa redio, kwa hiyo azima wa mashine nzima uujaribu. Halafu washa tochi ya simu utazame matundu ya USB mbele. Mabanda ya gemu yanaua USB kuliko nyumba yoyote, padi inachomekwa na kuchomolewa kutwa nzima na mtoto aliyefungwa mabao matatu. Ukiona ulimi wa plastiki umevunjika na vile vyuma vidogo vimelala vikigusana, hapo pekee panatosha kuifanya mashine ikatae kuwaka. Tazama na matundu ya hewa pia. Vidoadoa vya kahawia na harufu nzito ni mende. Wanapenda pale ndani kwa sababu kuna joto na giza, na bandani kwako nina hakika kuna chipsi. Uchafu wao ukifika kwenye pawa saplai unapitisha umeme mahali pasipotakiwa.

Sasa jaribio lenyewe. Chomoa umeme, subiri kidogo. Nyuma ya Slim, kwenye kona, kuna kifuniko kidogo cha plastiki kinachotoka kwa kuvutwa na kucha. Ndani utaona skrubu moja yenye alama za vitufe vya padi: pembetatu, duara, msalaba, mraba. Ifungue hiyo tu, vuta trei, diski itatoka nayo. Usiogope kwamba unavunja kitu. Mashine imetengenezwa mwenye nayo aweze kubadilisha diski mwenyewe, na huko hugusi sehemu yoyote yenye umeme mkali. Rudisha waya wa umeme na HDMI, unganisha padi kwa waya wa USB (uwe waya unaopitisha data, siyo ule wa kuchajia tu), kisha washa mashine ikiwa haina diski.

Unachotarajia kukiona ni ujumbe kwamba PS4 haiwezi kuanza kwa kuwa haioni hifadhi ya mfumo, pamoja na namba ya kosa CE-34335-8. Kwa kawaida namba hiyo huwa inaleta huzuni, lakini kwako leo ni habari njema. Iache hapo ikae. Kanywe chai, urudi. Zima, washa tena, mara kadhaa. Kama kila safari inafika kwenye ujumbe huo na haizimi yenyewe, kesi imekwisha kwa kiasi kikubwa: mashine ni nzima, diski ndiyo mgonjwa. Kama hata bila diski inaendelea kupepesa bluu na kukata, diski haina kosa, ruka uende kwenye habari ya pawa saplai hapo chini.

Kitu kimoja usifanye hapa: usichukue diski ya mashine yako nzima ukaichomeka kwenye hii "ili kujaribu". Kila PS4 inaifunga diski yake kwa ufunguo wake, kwa hiyo hii haitaisoma, itataka kuiandaa upya, na ukibonyeza kukubali umepoteza na sevu za mashine iliyo nzima. Kwa sababu hiyohiyo kompyuta haiwezi kukutolea sevu. Ukiichomeka itasema diski haijulikani, uifomati. Kataa. Kompyuta inafaa kwa jambo moja tu, kuangalia afya ya diski kwa programu kama CrystalDiskInfo. Ikikuonyesha tahadhari ya sekta mbovu, yaani vipande vya diski visivyosomeka, umepata ushahidi wa maandishi. Sikio nalo linasaidia: diski inayorudia tik, tik, tik na kunyamaza haina muda mrefu.

Hizo sevu za wateja ndizo zinazonifanya niseme usiharakishe kubonyeza namba za chini kwenye orodha. Namba 6 na namba 7 zinafuta kila kitu. Namba 1 umeshaijaribu. Namba 4 inarudisha mipangilio ya kiwandani bila kugusa gemu, na kwako sioni itasaidia nini. Zenye maana ni 5 na 3. Namba 5 inapanga upya kumbukumbu za mahali vitu vilipo kwenye diski; haifuti gemu wala sevu, na umeme ukikatika ghafla ndicho kitu kinachovurugika mara nyingi. Inaweza kumalizika kwa dakika chache, inaweza kuchukua masaa, inategemea diski imejaa kiasi gani. Hakikisha LUKU ina yuniti za kutosha na usiifanye kwenye yale masaa ambayo mtaa wenu umezoea kukatika. Ikiishia njiani umeongeza tatizo. Namba 3 inaweka mfumo upya juu ya uliopo, nayo haifuti.

Lakini kama diski inagonga tik-tik, au kompyuta imeshasema ina sekta mbovu, usianze na namba 5. Kazi hiyo inaisomesha diski kwa nguvu na inaweza kuimalizia. Hapo tafuta mtu wa kompyuta mwenye kifaa cha kunakili diski kwa diski, sekta kwa sekta, anunue nyingine ya ukubwa uleule na kuinakili nzima nzima bila kuifungua. Nakala hiyo ikirudi kwenye mashine ileile inasomeka, kwa sababu ufunguo uko kwenye bodi, na bodi ni ileile. Mafundi wengi wa PS hawalijui hili, wanakimbilia kufomati. Haifaulu kila mara. Sekta zikiwa mbovu nyingi, nakala inakuwa na mashimo. Ila ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuokoa kitu kwenye diski inayokufa. Wale wateja wenye akaunti za PS Plus (huduma ya kulipia ya PlayStation) waliokuwa wakipandisha sevu mtandaoni, hao hawana wasiwasi, watazivuta wakiingia tena.

Mashine ikifunguka hata mara moja tu, usimruhusu mtu acheze. Chomeka flashi, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya sevu za gemu, nakili kwenda kwenye USB, mtumiaji mmoja baada ya mwingine. Gemu zenyewe zitarudishwa kutoka kwenye CD au zitapakuliwa upya, lakini ligi ya mtu ya miaka miwili haipakuliwi popote.

Ukifika mahali umekubali kwamba diski imekwenda, mpya unayotafuta ni ya laptopu, inchi 2.5, yenye plagi ya SATA, unene usiozidi milimita 9.5. Ile kubwa ya kompyuta ya mezani haiingii. SSD ni bora ukiimudu: haina kinachozunguka ndani na gemu zinafunguka haraka zaidi. Mashine ilitoka na GB 500 au TB 1, usishuke chini ya hapo maana gemu za mpira za siku hizi zinakula nafasi. Wauzaji wa diski zilizotumika wapo wengi na bei zao zinavutia. Kwa banda la biashara mimi singeigusa bila kuona afya yake kwenye kompyuta mbele ya macho yangu.

Kuweka mfumo kwenye diski mpya ni namba 7, na hapa ndipo watu wanapokwama kwa mambo madogo. Kwenye tovuti ya PlayStation kuna mafaili mawili yenye jina moja. La kusasisha ni dogo. La kusakinisha upya linapita GB 1, na ndilo unalolitaka kwa diski tupu. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32 au exFAT; NTFS mashine haioni. Tengeneza folda iitwayo PS4 kwa herufi kubwa, ndani yake folda UPDATE, ndani yake faili PS4UPDATE.PUP. Ukipakua kwa simu mara ya pili, simu inaongeza (1) kwenye jina la faili, na mashine itakuambia haioni kitu wakati wewe unakiona. Ondoa hiyo (1). Kuingia kwenye orodha kwa makusudi, mashine ikiwa imezima, bonyeza swichi ya kuwashia bila kuachia: utasikia "bip" ya kwanza, shikilia kama sekunde 7 hadi usikie ya pili, ndipo uachie.

Kuna swali sikuulizi kwa ubaya: mashine hiyo imechipiwa, yaani imefunguliwa ili icheze gemu za kunakili? Mabanda mengi wanachipi. Kama imechipiwa, ukiweka toleo jipya la mfumo chipi imekwenda, na PS4 hairudi toleo la nyuma. Vilevile haikubali kusakinishwa toleo la chini kuliko lile bodi inalolikumbuka. Ujue hilo kabla ya kubonyeza, usije ukamlaumu fundi aliyekusaidia.

Namba 7 ikigoma kwenye diski nzima na faili sahihi, hasa kama kuna mtu alishaifungua mashine, muulize fundi aangalie utepe wa waya wa sehemu ya CD. Mfumo ukikosa kuiona sehemu hiyo wakati wa kusakinisha, usakinishaji unakwama.

Sasa upande wa pili. Umetoa diski, umebadili waya, USB ziko safi, bado inakata kwenye bluu. Hapa unahitaji fundi, lakini unakwenda na agizo, siyo na swali. Mwambie afunge pawa saplai ya mashine yako nzima kwenye hii mbovu, ajaribu. Dakika chache tu. Namba zilizoandikwa kwenye lebo zilingane kwanza, maana Slim zimetoka kwa awamu na pawa saplai zake zinatofautiana herufi za mwisho. Ikiwaka na kutulia, umemaliza, unanunua pawa saplai. Usijaribu kulifungua boksi la pawa saplai mwenyewe hata kama umezoea kufungua redio. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa mle ndani unakaa kwenye kapasita kubwa kwa zaidi ya volti 300, na unabaki pale muda fulani hata waya ukiwa umechomolewa.

Ni baada ya diski na pawa saplai zote mbili kuondolewa hatiani ndipo bodi inapoingia kwenye mazungumzo. Hata hapo, fundi anayejua kazi ataanza kwa kupima njia za umeme kwenye bodi akitafuta kipande kilichoshoti. Hatokimbilia bloa. Tabia ya kuchoma bodi ina historia yake. Ilishika enzi za PS3 na taa yake ya njano, na Xbox 360 na pete nyekundu, tatizo lililoifanya Microsoft mwaka 2007 iongeze waranti hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja. Mafundi wengi walijifunzia hapo: bodi ikigoma, ipige moto. Mashine ilikuwa inaamka, mteja analipa, wiki kadhaa baadaye imelala tena. PS4 iliyoharibikiwa na umeme ni ugonjwa mwingine. Moto hauiponyi diski wala pawa saplai, na bodi iliyokuwa nzima inaweza kutoka hapo imepinda.

Ile mashine iliyobaki nayo iko kwenye mstari huohuo wa umeme, kwa hiyo ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika. Slim haizidi wati 165, na ikiwa kwenye gemu mara nyingi inakula chini ya hapo sana. UPS ndogo ya VA 650 inabeba mashine moja na TV ya inchi 32 kwa muda wa kutosha kumalizia na kuzima vizuri. Gadi ya friji, ile inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme uliorudi, inazuia kile kishindo cha kurudi, lakini haizuii kukatika, na kukatika ndiko kulikoumiza diski yako. Zima pia ule utaratibu wa kuilaza mashine usiku. Taa ikiwa chungwa diski bado iko kazini, na wewe unafunga banda kwa kushusha swichi kuu ukidhani imezima. Na LUKU iangalie kabla ya ligi kuanza, siyo wakati wa penalti.

Fanya jaribio la kutoa diski kesho asubuhi kabla wateja hawajaja. Kisha niandikie mambo matatu: inazima baada ya sekunde ngapi ikiwa na diski, inafanya nini ikiwa haina, na kama ulifika kwenye namba 3 au 7 ikagoma, ile namba ya kosa inayoanza na SU iandike yote kama ilivyo, pamoja na vistari.